Umeng'oa jino? Acha hilo shimo lipumzike

Watu wakisikia umeng'oa jino wanakupa pole halafu hapo hapo wanaanza, sukutua maji ya chumvi, weka karafuu, pakaa spiriti, mwingine anakwambia ugoro kabisa, na kila mmoja ana uhakika. Mimi nimeng'oa gego la chini na nilichokiona ni kwamba kazi kubwa ni kutulia, yaani kulinda ile damu inayoganda kwenye shimo. Ni kama kigaga cha kidonda, ikitoka mapema mfupa unabaki wazi na hapo ndo utajua maumivu ni nini.

Kwahiyo ile pamba aliyokuwekea daktari ing'ate, nusu saa hadi dakika 45, na usiwe unaitoa kila saa kuchungulia, maana ukiitoa unavuta na damu iliyoanza kuganda. Na usiongee. Mie bodaboda nilimwandikia kwenye simu naenda wapi, tukaelewana vizuri tu.

Sasa kuna hili la kutema mate, hapa ndo wengi wanaharibu. Mate yanakuja mekundu, unaogopa, unaanza kutematema, na kila ukitema mdomo unavuta na ule mvuto ndo unaondoa donge lenyewe. Damu kidogo ikichanganyika na mate inaonekana nyingi kuliko ilivyo, so meza tu au yaache yachuruzike kwenye kitambaa. Kwa sababu hiyohiyo soda kwa mrija hapana, na sigara hapana, siku 3 za mwanzo ndo kabisaaa. Tunaotawadha, kusukutua kwenye udhu kwa sisi wa Shafii ni sunna, siku ya kwanza unaweza kuacha, kama una wasiwasi muulize shekhe wako.

Maji ya chumvi yenyewe siyapingi, mazuri sana, ila baada ya masaa 24. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, unainamisha kichwa huku na kule taratibu, halafu unafungua mdomo yanamwagika yenyewe. Fanya kila ukimaliza kula.

Kula subiri ganzi iishe, vinginevyo utajing'ata mdomo au ulimi bila kujua. Uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, parachichi, na utafune upande wa pili. Chai ya moto na supu ya moto siku ya kwanza achana nazo. Karanga, bisi, mahindi ya kuchoma, pilipili, hivyo vyote vitakusubiri. Hata wali, punje zinapenda sana kuingia mle shimoni, na tafadhali usichokonoe na kijiti!

Uvimbe usikutishe, kawaida unazidi siku ya 2 au ya 3 ndo unaanza kushuka. Siku ya kwanza weka barafu kwenye kitambaa, bandika shavuni kama dakika 15, toa, rudia. Usiku ongeza mto.

Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha, usisubiri uanze kulia. Parasetamo kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo aseme mapema kabla hajapewa ibuprofeni, na aspirini usijinunulie maana inachelewesha damu kuganda (kama umeandikiwa kwa ajili ya moyo usiache mwenyewe, ongea na daktari). Ukipewa Flagyl pombe weka pembeni.

Damu ikianza tena usiku, kaa wima, ng'ata kitambaa safi kilicholowa kidogo nusu saa bila kuachia. Isiposimama nenda hospitali. Homa, usaha, mdomo kugoma kufunguka, kumeza au kupumua kwa shida, hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kama maumivu yalikuwa yanapungua halafu siku ya 3 hivi yanarudi makali, yanapanda hadi sikioni na mdomo unanuka, usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki, hiyo mara nyingi ni damu iliyoganda imetoka. Rudi kwa daktari wa meno aoshe shimo na kuweka dawa ndani, ni kazi ya muda mfupi tu na nafuu huwa inakuja haraka.