Maswali ya Wasomaji: Mazuku, asilimia na bidoni ya mawese

SWALI: Bwana Mhariri, mbuzi wetu wawili walikutwa alfajiri wamekufa katika shimo dogo la mawe nyuma ya shamba, ilhali mume wangu alisimama humo akiwatazama na hakupatwa na lolote. Wazee wanasema ni mazuku, hewa nzito. Mwanangu wa sekondari anabisha kwamba hewa ya ukaa ni asilimia 0.04 tu, hivyo haiwezi kuua. Nani yuko sahihi? – Mama wa Keshero, Goma

JIBU: Mama, wazee wako sahihi. Mwanao naye hakukosea tarakimu, ila ameitumia mahali pasipo pake, kwani hiyo 0.04 ni ya hewa iliyochanganyika vizuri, kama ile ya barabarani. Chukua sanduku lenye mita moja kila upande, linaloingia lita 1,000: humo hewa ya ukaa ni lita 0.4, isiyojaza hata chupa ya nusu lita. Katika mazuku gesi hiyo hutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano, na ikifika asilimia 10, sanduku lilelile huwa na lita 100 zake, yaani bidoni tano za lita 20. Hapo mtu huweza kuzimia katika dakika chache, na kuna mashimo ambamo hupita hata asilimia 50.

Wengi hudhani kwamba kinachoua ni ukosefu wa oksijeni peke yake, tena hupiga hesabu ya 21, asilimia ya oksijeni katika hewa ya kawaida, kutoa 10 za hewa ya ukaa. Sivyo. Gesi iliyoingia husukuma hewa yote kwa pamoja, hivyo oksijeni hupungua kwa sehemu moja ya kumi ya kiasi chake na kubaki karibu asilimia 19. Hewa ya ukaa yenyewe ndiyo sumu, na ndiyo maana sishauri kupima shimo kwa mshumaa: unaweza kuendelea kuwaka wakati aliyeushika ameanza kulegea.

Kuhusu uzito, kwenye usawa wa bahari na nyuzi 0 za joto, mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina kilo 1.29, na ya hewa ya ukaa kilo 1.98. Hapa Goma, karibu mita 1,500 juu, zote mbili ni nyepesi zaidi, lakini uwiano unabaki uleule: hewa ya ukaa ni nzito karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida. Usiku usio na upepo gesi hiyo hutuama shimoni kama maji, hadi jua na upepo viitawanye. Pua ya mbuzi ilikuwa ndani yake, ya mumeo ilikuwa juu yake. Angeinama kuwainua, ningekuwa najibu barua nyingine.

SWALI: Nilinunua bidoni ya lita 20 ya mawese, mizani ikaonyesha kilo 19. Je, nimepunjwa? – Msomaji wa Birere, Goma

JIBU: La. Lita hupima nafasi, kilo hupima uzito, na lita moja ya mawese ina takriban kilo 0.9. Lita 20 ni kilo 18 na kidogo, na zinazobaki ni za bidoni yenyewe. Kama mafuta peke yake yangefika kilo 20, ningekushauri utafute maji chini ya bidoni.