Je, kutumia kasoro za ramani ni udanganyifu?
Ndugu, umeuliza kama mchezaji anayejificha mahali ambapo ramani ya mchezo wa kompyuta, yaani uwanja unaochezewa, ina kasoro anadanganya, ilhali hajaweka programu yoyote haramu kwenye kompyuta yake. Kwa maoni yangu anadanganya, pindi anapojua kwamba mpinzani hana namna ya kumjibu.

Mfano ulio wazi ni robo fainali ya mashindano ya DreamHack Winter 2014, nchini Uswidi, katika mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi wa Counter-Strike: Global Offensive. Timu ya Fnatic, wakiwa nyuma sana ya timu ya LDLC kwenye ramani ya Overpass, walipandana mabegani hadi mmoja wao akasimama juu ya ukingo usioonekana, akawa anaona eneo kubwa la ramani na kuwapiga risasi watu wasio na habari naye. Walishinda, LDLC wakakata rufaa, waandaaji wakaamua ramani ichezwe upya, na hatimaye Fnatic wakajitoa.

Kupandana mabegani, nasisitiza, ni mbinu halali kabisa katika mchezo huo. Kilichokatazwa na kanuni za mashindano yale ni kusimama pasipo na kitu cha kukanyagia. Ukigundua kasoro ya namna hiyo, waarifu watengenezaji wairekebishe, usiiweke akiba kwa ajili ya siku ya mechi.