Swali la lugha: "Bila kuvunja amri" ni amri gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika programu, niko Chumbageni, Tanga. Programu yetu ya ghala la katani ilikuwa na amri mbili: "kimya", isiseme kitu, na "kelele", iseme kila inachofanya. Sasa mtumiaji atachagua mwenyewe ni taarifa zipi ziandikwe kwenye logi, yaani kumbukumbu ya yale programu inayofanya, na amri za zamani zinabaki. Nikawaandikia makarani: "Tumeongeza viwango vya logi vinavyoweza kusanidiwa bila kuvunja amri zilizopo." Karani mkuu akaniuliza, kwani nani aliwakataza? Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Karani wako ana Kiswahili chake, usimnunie. Kuvunja amri ni kuasi: anayevunja ni yule aliyeamriwa. Amri ya kompyuta ikigoma kufanya kazi hakuna aliyeivunja. Imeharibika, au imekwama. Hata ukikimbilia "kuvunjika" huponi, maana vinavyovunjika ni chombo, mkutano, ndoa. Sema tu "amri za zamani zinafanya kazi kama kawaida".

"Vinavyoweza kusanidiwa" si kosa, ni mzigo. Kusanidi ni kuipanga programu ifanye kazi vipi; karani hasanidi, anachagua.

Kwenye "viwango" ndipo ningekaa nawe kidogo. Kiwango hupimwa: cha joto, cha riba, cha mshahara. Ngazi hupandwa, na aliyefika juu amekwisha kuzipita za chini. Programu yako ndivyo inavyofanya: anayeomba habari za kawaida hupewa na tahadhari na makosa humohumo. Basi ni ngazi. Ila jihadhari na neno "pandisha". Utaratibu wa Syslog, ambao kompyuta hutumia kuandika na kutuma taarifa zake, una ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, kwa maelezo ya RFC 5424, hati ya kanuni za Intaneti ya mwaka 2009. 0 ndiyo dharura, 7 ni vijimambo vya fundi anayesaka hitilafu. Ukimwambia mtu "pandisha ngazi", mmoja atapandisha namba afurikwe na maneno, mwingine atapandisha uzito abaki na mistari miwili. Andika "ongeza maelezo" au "punguza maelezo".

Majina ya ngazi usiyatafute mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa imekwisha kutuzoesha: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mvuvi wa Tanga akisikia mojawapo kuhusu upepo na mawimbi, haulizi ipi nzito kuliko ipi. "Onyo" mimi ningeliacha. Onyo hupewa mtu aliyekosa, na karani akiliona kwenye kioo atadhani kuna barua inamfuata.

Na "logi"? Inaeleweka, sikatai. Lakini wewe ni mtu wa mji wa bandari, na mabaharia wana neno lao: batli. Ni kifaa kilichotupwa majini kupimia mwendo wa chombo, kisha jina likahamia kwenye daftari la safari. Neno la Kiingereza, "log", nalo lilipita mkondo huohuo: lilianzia kwenye kipande cha gogo kilichofungwa kamba.

Jambo moja si la lugha tupu, ila lugha ndiyo iliyolifichua. "Kelele" inaweza kuwa lakabu ya ngazi 7, sawa. "Kimya" usiifanye lakabu ya ngazi 0. Ngazi 0 bado hupiga yowe la dharura. Kimya chako cha zamani, kwa maneno yako mwenyewe, hakikusema kitu. Kiache nje ya ngazi, kijitegemee. Na asiyetaja ngazi yoyote apate kilekile alichokipata jana. Hilo ndilo chaguo-msingi.

Tangazo lako ningeliandika hivi: "Sasa unaweza kuchagua ngazi ya maelezo yanayoandikwa kwenye batli. 'Kimya' na 'kelele' zinafanya kazi kama kawaida. Usipochagua ngazi, programu itaandika kama ilivyokuwa ikiandika."

Kabla hujalituma, mpe karani mkuu alisome.