Mkuu, futa hiyo OID kabla hujasajili mgonjwa hata mmoja

Simama hapo hapo. Umeuliza utumie OID (namba yenye nukta, ya kutambulisha kitu kimoja tu duniani) au UUID (kitambulisho kirefu ambacho kompyuta inajizalishia) na uzihifadhi vipi kwenye kanzidata, halafu ukapitisha kimyakimya kuwa "kwa sasa" umenakili 2.16.840.1.113883.19 kutoka kwenye mwongozo. Mkuu, hilo ni tawi la mifano la HL7, shirika la viwango vya data za afya. Ya mifano! Nalijua vizuri, maana nami nililinakili, na mvi hizi hazikuja kwa umri.

Nilikuwa najenga mfumo wa rekodi wa kliniki moja. Mshauri aliyelipwa kunizidi akaniambia, "Weka chochote, utabadilisha baadaye." Nikaweka. Kila mgonjwa akapata mzizi ule wa kunakili, yaani mwanzo wa kitambulisho, pamoja na namba ya faili: 1, 2, 3 na kuendelea. Miaka miwili shwari kabisa. Kisha tukaunganishwa na kliniki nyingine kwenye sajili ya pamoja ya wagonjwa. Kumbe nao walisoma mwongozo uleule (au walimlipa mshauri yuleyule, sitashangaa), na namba zao pia zilianzia 1.

Mashine haiulizi jina. Mzizi ukilingana na namba ikilingana, kwake huyo ni mtu mmoja. Basi 1047 wetu, mzee wa kisukari, akaunganishwa na 1047 wao, mama mjamzito. Faili moja, dawa za watu wawili, na mzio wa penisilini usiojulikana ni wa nani. Aliyeshtuka ni nesi: "Huyu mzee mimba yake ina miezi mingapi?" Nilicheka sana. Kisha nikaenda kujifungia chooni.

Kuwatenganisha tulikaa wiki kadhaa, faili baada ya faili, kwa macho. Na hati zilizokwisha kusainiwa kidijitali hazirekebishwi: kitambulisho kimo ndani, ukigusa tarakimu moja saini inavunjika. Ikabidi tutoe hati mpya za kuchukua nafasi ya zile zote. Ndiyo "baadaye" ya yule bwana. Alikuwa ameshaondoka na hela yake.

Kwa hiyo: usitoe namba hata moja kabla hujamiliki mzizi wako. IANA, wagawaji wa namba za intaneti, wanatoa bure, unajaza fomu tu, unapewa namba chini ya 1.3.6.1.4.1. Chini yake gawa mwenyewe: tawi la wagonjwa, la sampuli za maabara, la hati. Yaandike mahali, na tawi ulilolistaafisha usilitumie tena. Mazingira ya majaribio nayo yapewe tawi lake, tafadhali. Huwezi kusubiri? Zalisha UUID, igeuze iwe namba ya desimali, itanguliwe na 2.25. Hiyo ni OID halali na huombi ruhusa kwa mtu. Ila LOINC, ile orodha ya misimbo ya vipimo vya maabara, tayari ina yake, 2.16.840.1.113883.6.1, usiitungie nyingine.

Mengine uliyouliza nimeyasahau kwa hasira. Niambie kwanza: umeshasajili wangapi kwa hiyo .19?