‘Kuweza’ Kumetuweza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha kusaga na kufungasha unga, Morogoro. Kiwanda kimetupeleka kozi ya wiki sita ya PLC (kwa Kiingereza “programmable logic controller”), yale masanduku ya kwenye paneli yanayoendesha mitambo. Kabrasha tulilopewa linakiita kifaa hicho “Kidhibiti Mantiki Kinachoweza Kuprogramiwa”. Mwenzangu mmoja anasema ingetosha “kinachoprogramika”. Mwingine anang’ang’ania “kinachoratibika”, eti ndicho Kiswahili fasaha. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tuamulie. Naambatisha picha za kurasa mbili uone mwenyewe. (Fundi Umeme, Morogoro)

JIBU: Marahaba, fundi. Mwenzako wa kwanza ndiye mwenye haki, na chai yake ipashwe moto.

Huyo wa “kinachoratibika” simchelewi. Kuratibu ni kupanga mambo kwa utaratibu, tumekipata kwa Waarabu, na siku hizi kimeshaajiriwa na waratibu wa semina, wa miradi na wa harusi. Kidhibiti kinachoratibika watu watadhani kinapangiwa ratiba ya vikao. Programu imeshakuwa mwenyeji, mtoto wa darasa la tano anaishusha kwenye simu ya mama yake bila kuuliza mtu, na kitenzi kuprogramu kimezaliwa humo humo. Tusitafute bi harusi mwingine wakati huyu ameshahamia.

“Kidhibiti mantiki” nacho kina kasoro ambayo sijui kama mwandishi wa kabrasha aliiona. Kwenye mabasi ya mikoani kuna kidhibiti mwendo. Kazi yake nini? Kudhibiti mwendo, dereva asikimbize. Sasa kidhibiti mantiki kitakuwa kinadhibiti nini, kama si mantiki yenyewe, isije ikazidi? (Wapo wanaofungiwa kifaa hicho kabla ya kupanda jukwaani, ila hilo si somo la leo.) Mantiki ni neno zuri, la Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kutamka, jambo linalonifurahisha mtu wa lugha kama mimi. Lakini hapa liondoke. Wamarekani wenyewe kwa miaka mingi walikiita kidhibiti kinachoprogramika tu, “programmable controller”, kifupi chake PC. Kompyuta za mezani zilipokuja zikajitwalia kifupi hicho, ndipo PLC ikashika. Mantiki yao ilikuwa na sababu ya kubaki, yetu haina.

Sasa nije kwenye kilichonikosesha usingizi. Kinachoweza kuprogramiwa. Kina-cho-weza.

Fundi, sijui wewe unasikiliza redio gani ukiwa kazini, ila hebu leo jioni shika kalamu uhesabu. Mkuu wa wilaya ameweza kutembelea shamba. Wananchi wameweza kujitokeza. Mvua imeweza kunyesha. Mwandishi wetu ameweza kuzungumza na mashuhuda, ambao wameweza kumweleza kwamba watu watatu wameweza kufariki dunia. Wameweza! Kana kwamba walijaribu siku nyingi wakashindwa, na hatimaye juhudi zao zimezaa matunda.

Kwetu pwani neno hili lilikuwa na heshima yake. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Pangani. Ukimwuliza hali akakujibu “siwezi”, hukumwuliza hawezi nini; ulikwenda kumtafutia dawa, kwa sababu asiyeweza alikuwa mgonjwa. Na mtoto mtundu alipomshinda alisema “huyu simwezi”. Kuweza ni kuwa na nguvu juu ya kitu, kukishinda. Ndiyo maana tukamwita Mungu Muweza. Leo Muweza anagawana kitenzi na mkuu wa wilaya aliyeshuka kwenye gari.

Mwaka juzi nilialikwa mahafali ya chuo kimoja cha ufundi. Mgeni rasmi alipoanza hotuba nikawa naweka alama nyuma ya bahasha kila akisema kuweza. Nilifika 37, bahasha ikajaa, na bado hajakabidhi vyeti. Vijana wale, alisema, wameweza kuhitimu na sasa wataweza kuwa na uwezo wa kuweza kujiajiri. Wakapigiwa makofi. Nami nilipiga, maana vijana hawakuwa na kosa.

Nikaona picha ya ukurasa wako wa kwanza, fundi, nikaikumbuka bahasha. Lengo la kozi: “Mwisho wa mafunzo mshiriki ataweza kuwa na uwezo wa kutambua hitilafu.” Atatambua hitilafu au hatatambua? Kama atatambua, andika atatambua. Kama hatatambua, kiwanda kirudishiwe ada yake.

Ubaya ni kwamba Kiswahili hakikuhitaji msaada huu wote. Kuweza tumekubeba tumboni mwa kitenzi, kwa silabi moja. Barabara haipitiki. Uji hunyweka, dawa hii hainyweki. Bei ya nyanya haishikiki. Yule jamaa hasomeki. Kila mmoja wa hao ana kuweza ndani yake, au kutoweza, na hakuna aliyelalamika kuwa hakuelewa. Wala seremala wa Keko hatakuuzia “meza inayoweza kukunjwa”. Atakuuzia meza ya kukunja, na bei atakutajia kwa pumzi hiyo hiyo. Kinachoweza kuprogramiwa kina silabi 10. Kinachoprogramika kina 7 na kinasema zaidi. Lakini watu wameshaiona -ika hiyo ya mwisho wa kitenzi kama nguo ya kushindia, hawaamini kwamba inatosha kutokea nayo, basi wanaivalisha koti: “barabara haiwezi kupitika.” Haiwezi kuweza kupitwa! Kofia juu ya kilemba.

Na hiyo -ika ina kazi ya pili, ambayo nataka mafundi muilinde kama mnavyolinda kitesta. Chukua umeme wa nyumbani. Umeme umekatika: giza limeingia, mtaa mzima, hatujui kwa nini, tafuta mshumaa. Umeme umekatwa: kuna mtu kapanda ngazi na koleo, na mwenye nyumba anajua sababu ingawa anajifanya hajui. Umeme umeisha: LUKU, ile mita ya kulipia kabla, imesoma sifuri, tuma mtoto dukani. Giza ni lile lile moja, mama mwenye nyumba ameshika ukuta ule ule akitafuta kiberiti, lakini kwa kitenzi kimoja tu ameshajua amlaumu nani: shirika, mumewe, au yeye mwenyewe aliyesahau kununua uniti. Mpangaji akirudi usiku akamwuliza mlinzi, “Umekatwa au umekatika?” haulizi sarufi. Anauliza kama alale au aende kukopa. Nimewahi kuutumia mfano huu kwa wanafunzi wangu wa chuo kwa muda wa saa nzima, na nusu yao walitoka wakiwa wamechoka na nusu wakiwa wamelipa bili.

Sasa ingia kiwandani na tofauti hiyo hiyo. Katika kozi yenu bila shaka mmeshachora mota ya mkanda wa kubebea magunia. Kitufe cha kijani cha kuwashia, chekundu cha kuzimia, na kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, ikishavuta inajishikilia yenyewe hata ukiachia kijani. PLC inasoma vitufe na vihisi (sensa), inapitia programu kuanzia juu hadi chini, inatoa amri, kisha inaanza upya, mara nyingi kwa sekunde moja. Humo ndani kila jambo ni sifuri au moja. Mwalimu wenu, kama ni mzuri, atakuwa amewafundisha kwamba “mota inaweza kuwaka” ni jambo moja: kinga, ule mfuniko wa mashine, imefungwa, kitufe cha dharura kimeachiwa, ovalodi inayolinda mota isizidiwe haijakata, basi ruhusa ipo. “Mota imewashwa” ni jambo la pili: amri imetoka, kontakta imevuta. “Mota inazunguka” ni jambo la tatu, na linataka kihisi chake, maana kontakta huvuta vizuri tu huku waya wa kwenda kwenye mota umekatika na magunia yamelala. Hizo ni sehemu tatu tofauti katika kumbukumbu ya mashine, na yeyote kati yake anaweza kuwa moja huku mwenzake ni sifuri.

Sasa fundi wa zamu ya usiku anaandika kwenye daftari: “Saa 9 usiku mota iliweza kuwaka.” Nakuuliza, aliona lipi kati ya hayo matatu? Ilikuwa na ruhusa tu? Ilipewa amri? Ilizunguka? PLC inajua. Daftari halijui. Mashine ya kufungwa kwa bisibisi ina Kiswahili bora kuliko ripoti yetu.

Naona hapa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya kifaa hiki inanipa nguvu. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ilichoka. Kila walipobadilisha toleo la gari, paneli zilizojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zilibidi zifumuliwe na kufungwa waya upya. Ndipo kikundi cha mhandisi Dick Morley kule Massachusetts kikaja na kifaa kilichoitwa Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wao wa 84. Waya zikabaki zilipo, ikabadilishwa programu. Na lugha ya programu hiyo hawakuitoa kwa wasomi wa kompyuta. Waliichukua kwa fundi umeme: ule mchoro wake wa rilei wenye nguzo mbili na mistari ya kukatiza, unaofanana na ngazi, ukawa ndiyo lugha ya mashine, na hadi leo bado unatumika, umo hata katika kanuni ya kimataifa ya lugha za PLC, IEC 61131-3. Mashine ilijifunza maneno ya fundi. Kabrasha lenu linataka fundi ajifunze maneno ya mfasiri.

Na maadamu tumetaja ngazi: nimesikia mstari mmoja wa mchoro huo ukiitwa “rungu”, kutoka “rung” ya Kiingereza, katika karakana mbili tatu, kana kwamba mafundi wanakwenda doria. Kile kipande cha ngazi unachokanyaga kina jina lake tangu zamani, kipawa. Ngazi ina vipawa. Programu yako ina vipawa 12, kipawa cha 4 kina kosa. Jaribuni, hakiumi.

Sisemi kuweza kufutwe. Mimi si mwendawazimu, na kama umesoma vizuri utakuwa umeona nimelitumia mwenyewe hapo juu, mahali linapostahili. Linastahili pale ambapo jambo halijawa na huenda likawa. Kibao cha onyo, “Mashine hii inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote,” ndiyo kuweza halali kuliko zote duniani, kwa maana mota iliyosimama chini ya PLC haijafa, inasubiri. Lakini kijana ambaye tangu asubuhi amesikia mvua imeweza kunyesha na mgeni ameweza kufika, akifika kwenye kibao hicho neno limeshachakaa masikioni mwake. Analipita kama alivyompita mkuu wa wilaya.

Najua nitashindwa. Kuweza kumetuweza. Waandishi wa habari walioanza kulisema kwa madaha miaka ile sasa ni wahariri, na wanaolisema sasa hawajui kwamba kuna namna nyingine. Nikilisikia siku hizi nazima redio, nanywa maji, nawasha tena.

Lakini kwenye ukurasa wako wa pili, fundi, sikukubali kunywa maji. Hapo mwandishi wa kabrasha, ambaye alimwaga kuweza kila mahali kwa ukarimu, ghafla amebana matumizi. Ameandika: “Hakikisha mota imezimika kabla ya kufungua kinga.” Imezimika! Ya kuzimika yenyewe, kama mshumaa. Mota imezimika maana yake imesimama na hatujui kwa nini. Huenda kihisi kimeona gunia limekwama, huenda programu inahesabu sekunde 30 zipite. Wewe unafungua kinga, unaingiza mkono, unaondoa gunia, kihisi kinaona njia nyeupe, na mkanda unaanza safari na mkono wako juu yake. Imezimwa ni jambo lingine: yuko mtu aliyeizima kwenye swichi kuu, ameweka kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwake, si mfukoni mwa mwingine.

Kwa hiyo kesho asubuhi msianze na jalada. Jalada mtaandika “Kidhibiti Kinachoprogramika (PLC)” mkipata nafasi, na mkiendelea kukiita pi-el-si kama mnavyokiita sasa, mimi sina ugomvi. Anzeni na mstari huo wa ukurasa wa pili. Chukueni kalamu nyekundu, kateni “imezimika”, andikeni “imezimwa na kufungwa kufuli”, halafu mpelekeeni mwalimu. Jalada halijawahi kumkata mtu vidole.