Muulize Mwalimu: Tasnifu yangu iwe makala

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza tasnifu ya uzamili kuhusu uhifadhi wa mahindi vijijini Kongwa, na msimamizi anataka niitoe makala. Nimeipunguza hadi kurasa 60, lakini jarida linataka maneno 6,000. Nikate wapi tena? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikate tena. Iweke tasnifu kando, ufungue ukurasa mtupu. Tasnifu humwonyesha mtahini yote uliyosoma. Makala hujibu swali moja. Chagua jedwali lenye habari kubwa, kwa mfano hasara ya wanaotumia magunia ya kawaida na wanaotumia mifuko isiyopitisha hewa, ulijengee makala yote. Anza na mbinu, maana hizo unazijua: kaya ngapi, ulizipataje, ulipima nini. Yafuate matokeo, kisha mjadala. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, iandike mwisho kabisa.

Mapitio ya maandiko ndiyo huwashinda wengi. Aya za “fulani alisema, fulani naye akasema” humchosha mhariri, nami zinanichosha. Bakiza kazi zile tu ambazo matokeo yako yanaziunga mkono au kuzipinga.

Halafu isome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi, igawe. Kila uliyemtaja awemo kwenye marejeo, kwa mwaka uleule.

Jarida linaloahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, likimbie. Tathmini ya wasomi, yaani wataalamu wenzako kuikagua makala kabla haijachapishwa, haifanyiki hivyo. Na kabla ya kutuma, kubaliana na msimamizi jinsi majina yatakavyopangwa. Utafiti umeufanya wewe, lako litangulie.