Pasaka ya Wayahudi kwa watoto wadogo

Mwalimu, umeuliza utawaelezaje watoto wa miaka 5 Pasaka ya Wayahudi bila hotuba ndefu. Anza na unga. Mpe kila mmoja konzi moja na maji kidogo, kisha tega saa: kwa desturi, matza (mkate bapa usiochachuka wa Pasaka hii) haipaswi kuzidi dakika 18 tangu maji yaguse unga mpaka iive. Mikono imejaa unga, wanapigiana kelele "haraka!", hapo watajua kwa nini Waisraeli walitoka Misri na mkate usiochachuka. Waonje na maji ya chumvi, machozi ya utumwani (utacheka wakikunja nyuso). Mapigo 10 ya Misri usiyamalize yote, vyura wanawatosha. Mwishoni ficha kipande cha matza, yaani afikomani, wakisake.